Maswali mnayoniuliza kuhusu maonyesho ya Ufalme wa Hawaii pale British Museum

Tangu yafunguliwe mwezi wa kwanza naulizwa yaleyale, mengine kwenye simu, mengine msikitini baada ya swala, mengine dukani nikiwa nachagua ndizi, kwa hiyo nimeona bora niyaandike yote pahala pamoja halafu mtu akiuliza namtumia hapa. Mimi si mfanyakazi wa makumbusho, ni mtu wa Unguja ninayeishi London na nimeshakwenda mara tatu, mara ya tatu nilimchukua mama mkwe aliyekuja kutembea, na kusema kweli yeye ndo aliyeuliza maswali magumu kuliko nyinyi wote.

Maonyesho yenyewe ni ya nini, na mpaka lini?

Jina lake ukilitafsiri ni kama "Hawaii, ufalme unaovuka bahari". Yapo British Museum, mtaa wa Great Russell Street, pale ndani kwenye ule uwanja mkubwa wenye paa la vioo. Yamefunguliwa tarehe 15 Januari 2026 na yanafungwa 25 Mei 2026. Ndani kuna majoho ya manyoya ya ndege, nguo za magome ya miti, silaha zilizopangwa meno ya papa, masanamu, michoro na barua, na yote yanazunguka jambo moja: hawa watu walikuwa na ufalme wao kamili katikati ya bahari ya Pasifiki na walikuwa wanaongea na wafalme wa Ulaya kama wenzao. Kilichosababisha yafanyike ni kumbukumbu ya miaka 200 ya safari ya mfalme wao kuja London mwaka 1824, habari yake nimeieleza chini maana ni ndefu na inasikitisha.

Hawaii si ni Marekani? Ufalme umetoka wapi?

Leo ni Marekani ndiyo, jimbo la 50, toka 1959. Lakini kabla ya hapo ilikuwa nchi. Kamehameha wa Kwanza alianza kama chifu wa sehemu tu ya kisiwa kikubwa, akapigana na wenzake miaka mingi, mpaka 1795 alikuwa ameshavichukua visiwa karibu vyote na 1810 mtawala wa Kauaʻi akakubali kuwa chini yake. Kuanzia hapo mpaka 1893 walikuwa na wafalme na malkia wao, bendera, bunge, katiba ya maandishi toka 1840, magazeti kwa lugha yao wenyewe toka 1834. Watu wakisikia Hawaii wanawaza shati la maua na sketi ya majani, na mimi nilikuwa hivohivo, msione aibu.

Sasa mimi Mswahili yananihusu nini?

Hapa ndo nitachukua muda wenu kidogo.

Chukua mambo ya Zanzibar ya karne ya 19 uyaweke pembeni ya haya ya Hawaii, utashangaa. Visiwa vidogo, bandari nzuri, meli za Waingereza, Wafaransa na Wamarekani zinapishana hapohapo, na mtawala ambaye kila asubuhi inabidi afikirie amchekee nani leo bila ya kumuudhi yule mwengine. Sayyid Said akafanya mkataba na Wamarekani 1833, mwaka 1840 akaipeleka meli yake Sultana mpaka New York, mjumbe wake Ahmad bin Naaman akiwa ndani na zawadi za rais, farasi wa Kiarabu na lulu na vinginevyo. Wahawaii nao walikuwa kwenye mchezo huohuo, wamebeba barua na zawadi, upande wa pili wa dunia.

Na kuna kimoja kilichonichekesha peke yangu pale mpaka mlinzi akaniangalia. Mwaka 1794 nahodha Vancouver wa Uingereza alimwahidi Kamehameha kwamba mfalme wake atamletea meli. Kamehameha akasubiri. Mwaka 1810 akamwandikia King George wa Tatu barua ya adabu kabisa, akamkumbusha ile ahadi. Akasubiri tena, akafa 1819 bila ya kuiona. Meli ikaja kwa mtoto wake 1822, skuna ndogo ya mizinga sita, jina lake Prince Regent. Miaka 28! Sasa nenda Zanzibar: Sayyid Said anampa mfalme wa Uingereza manowari nzima, ile Liverpool ya mizinga 74, na Waingereza wakamrudishia jahazi la starehe, jina lake nalo Prince Regent. Si chombo kimoja, ni viwili tofauti, lakini jina ni lilelile. Sayyid hakulitaka, naye akaligawa. Ukiyajua haya mawili huwezi tena kuyatazama yale makabati kama mgeni.

Kitu gani nisikikose kabisa?

Joho. Nimesema joho kwa makusudi, sisi tunalo neno, kwa nini niseme koti. Wao wanaliita ʻahu ʻula, na hili ninalolisema ni lile Kamehameha alilompelekea King George wa Tatu pamoja na ile barua ya 1810. Ni mali ya familia ya kifalme ya Uingereza, wameliazimisha tu kwa maonyesho haya, kwa hiyo yakiisha linarudi kwao na sijui nani atalitoa tena.

Usilitazame kwa mbali ukapita. Kwa mbali linaonekana kama kitambaa cha mahameli. Sogea mpaka karibu na kioo, uiname, utaona si kitambaa, ni manyoya madogo madogo, kila moja si kubwa kuliko ukucha wa kidole, yamekusanywa mafungu mafungu na kila fungu limefungwa kwa uzi kwenye wavu ulio chini, safu inafunika safu kama makuti ya paa. Wavu wenyewe umesukwa kwa nyuzi za mmea unaoitwa olonā ambao ni mgumu ajabu. Mama mkwe ambaye kashona kofia za viua maisha yake yote alisimama pale kama dakika kumi hivi, nikimvuta hataki, akasema hii kazi mtu akikosea katikati anafumua kila kitu.

Na uelewe lilikuwa na maana gani. Si zawadi ya mapambo. Joho kama lile alivaa chifu mkubwa tu, vitani au kwenye shughuli nzito, na kumvisha au kumpelekea mtu mwengine maana yake unamwambia wewe ni wa daraja langu. Kamehameha alikuwa hajamwomba King George kitu kama maskini anavyoomba, alikuwa anamwandikia mfalme mwenzake, na joho ndo muhuri wa barua. Sijui kama waliolipokea kule ikulu walielewa hivo.

Manyoya yote yale, ndege si waliuawa wote?

Swali la watoto hili, na ni zuri. Jibu ni ndiyo na hapana. Kulikuwa na watu kazi yao ni kukamata ndege tu, wanapanda milimani misituni, wanapaka matawi ulimbo, hasa huu ulimbo tunaoujua sisi, ndege akitua kanasa. Ndege wa manjano wengi hawakuwa wa manjano, walikuwa weusi wenye vishungi vichache vya manjano tu, ʻōʻō na mamo, na inasimuliwa kwamba wakinyofolewa yale machache waliachiwa waende zao. Wale wekundu, ʻiʻiwi, mwili mzima ni mwekundu kwa hiyo huyo alikuwa anachunwa na kuliwa. Manyoya yalikuwa ni kodi, watu wa kijiji wanalipa kwa chifu kila msimu. Kuna joho moja la Kamehameha lenyewe ni la manjano tupu, lipo Honolulu kwenye Bishop Museum, na makadirio yanayotajwa sana ni manyoya 450,000 kutoka kwa ndege kama 80,000.

Leo mamo hayupo tena duniani, na ʻōʻō wote wametoweka. Usiwatupie lawama wavaa majoho peke yao, misitu ilikatwa, panya wakaja na meli, na mbu nao wakaja na meli na malaria ya ndege. Ndiyo, ndege wana malaria yao. ʻIʻiwi aliyebaki anaishi juu milimani kwenye baridi ambako mbu hafiki, na joto likipanda mbu naye anapanda.

Huyo mfalme aliyefia London ni nani?

Liholiho, yaani Kamehameha wa Pili, na mkewe Kamāmalu. Liholiho huyu ndiye aliyeivunja miiko ya zamani mwaka 1819, siku aliyokaa kula meza moja na wanawake, jambo ambalo kabla yake lilikuwa ni kosa la kifo, na nyuma yake walikuwa wanawake wawili wenye nguvu, mama yake mzazi Keōpūolani na Kaʻahumanu aliyekuwa mke mpendwa wa baba yake.

Mwisho wa mwaka 1823 akaamua kwenda mwenyewe kuonana na mfalme wa Uingereza, George wa Nne, waongee uso kwa uso kuhusu ulinzi wa visiwa vyake. Wakapanda meli ya wavua nyangumi, L'Aigle, wakafika Portsmouth Mei 1824 na serikali ya Uingereza ilikuwa haina habari kama kuna mfalme anakuja. Wakahangaika, wakawapatia hoteli pale Adelphi karibu na Strand. Mji mzima ukataka kuwaona, wakapelekwa thieta za Covent Garden na Drury Lane, mchoraji John Hayter akawachora, wachora katuni nao wakawafanyia kejeli za kijinga. Kamāmalu alikuwa mrefu zaidi ya futi sita, basi picha yake ilikuwa kila dirisha la duka.

Mwezi wa sita wakatembelea shule ya watoto wa askari kule Chelsea. Inaaminika hapo ndo walipoipata surua. Ugonjwa ambao sisi tunauona wa watoto, kwao haukuwahi kufika, mwili haukuwa na kinga hata kidogo. Kamāmalu akafariki tarehe 8 Julai, mfalme tarehe 14 Julai, siku sita baadaye, na George wa Nne walikuwa hawajaonana naye bado. Waliosalia wakiongozwa na chifu Boki wakapokelewa Windsor Septemba, ujumbe ukafikishwa na watu waliofiwa. Maiti zikarudishwa na manowari, HMS Blonde, zikafika Honolulu Mei 1825.

Lile jengo la shule bado lipo, siku hizi ni jumba la sanaa la Saatchi. Nimepita pale mara mia bila ya kujua.

Zile nguo za magome ndo kama lubugo la Waganda?

Ndugu zangu wa Kampala, ndiyo, ni ukoo mmoja wa kazi ingawa watu hawakuwahi kuonana. Kapa, ndo jina la nguo ya magome ya Wahawaii, inatoka kwenye mti uitwao wauke, lubugo linatoka kwenye mutuba, njia karibu ni ileile, unalainisha gome la ndani na kulipiga na nyundo ya mti mpaka linatanuka. Tofauti ni kwamba kule Buganda mti unaachwa hai, shina linafunikwa na majani ya mgomba mpaka liote gome jipya, Hawaii wauke inakatwa na kuchipua upya. Kule Buganda kazi ilikuwa ya wanaume, Hawaii ya wanawake.

Ila Wahawaii walikwenda mbali kwenye nakshi. Nyundo ya mwisho ilikuwa imechongwa michoro, kwa hiyo kitambaa kikishapigwa ukikiinua kwenye mwanga unaona nakshi ndani yake, halafu juu yake wanagonga mihuri ya mianzi kwa rangi, mistari myembamba iliyonyooka utadhani hina ya biarusi. Pamba za wazungu zilipoingia kazi ikakaribia kufa kabisa, ikafufuliwa miaka ya 1970 na watu waliokaa chini na vipande vya zamani wakajifundisha upya kwa kukosea.

Hayo masanamu ni ya kuabudiwa? Tupeleke watoto?

Yalikuwa ya kuabudiwa, sasa hivi ni historia, kila mtu na imani yake. Mimi nimepeleka wangu. Wa miaka sita aliogopa silaha za meno ya papa kuliko masanamu.

Kubwa kuliko yote ni la Kū, mungu wao wa vita na mambo mengine, la mti, refu kuliko mtu, mdomo umefumbuka kwa ukali. Ya aina hii yaliyosalia duniani ni matatu tu: moja ni la British Museum, moja lipo Bishop Museum Honolulu, na la tatu lipo Salem, Massachusetts. Mara moja tu, mwaka 2010, yote matatu yalisimamishwa pamoja Honolulu. Sasa Salem, mtu wa Zanzibar akilisikia jina hilo inabidi asimame. Wafanyabiashara wa Salem ndo waliokuwa wakija Unguja kuchukua pembe na sandarusi na kutuletea kile kitambaa ambacho mpaka kesho tunakiita merikani, na konseli wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters, alitoka Salem. Meli za mji ule mmoja mdogo zilifika kwetu na kwao, na vitu vya kwetu na vya kwao vikaishia kwenye makumbusho yao.

Hiyo diplomasia yao ilifanya kazi kweli, au ni mbwembwe tu?

Ilifanya kazi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1839 Mfaransa Laplace alikuja na manowari akalazimisha dola 20,000 ziwekwe kama dhamana, la sivyo anapiga mizinga. Wahawaii wakaona zawadi peke yake hazitoshi, tunataka karatasi. 1842 wakatuma ujumbe, mmoja wao kijana wao Timoteo Haʻalilio, waende Washington, London na Paris kutafuta kutambuliwa. Rais Tyler wa Marekani akakubali Desemba ileile.

Wakati wajumbe wako huko, Februari 1843 nahodha mmoja wa Kiingereza, Lord George Paulet, akaingia Honolulu akatishia na akashusha bendera ya nchi, miezi mitano nchi ikawa mikononi mwake. Halafu mkubwa wake, Admeri Richard Thomas, akaja akasema huyu kajiamulia mwenyewe, na tarehe 31 Julai akarudisha bendera. Siku hiyo inaadhimishwa mpaka leo, na maneno aliyosema mfalme wao, Kamehameha wa Tatu, siku ile ndo wito wa Hawaii, maana yake kwa ufupi uhai wa nchi unadumishwa kwa haki. Tarehe 28 Novemba 1843 Uingereza na Ufaransa wakatia sahihi kwamba Hawaii ni nchi huru na hakuna kati yao atakayeichukua. Haʻalilio aliyehangaikia karatasi hiyo alifariki baharini akiwa njiani kurudi.

Zanzibar ilipata karatasi ya namna hiyohiyo, kutoka kwa haohao wawili, tarehe 10 Machi 1862. Someni zote mbili mtaona kitu: Uingereza na Ufaransa hawamwahidi Mhawaii wala Sultani, wanaahidiana wao kwa wao. Ni kama majirani wawili wanapatana kwamba hakuna atakayechuma embe za bibi wa katikati, bibi mwenyewe hakuitwa kwenye kikao.

Baadaye akaja Kalākaua, huyu alikuwa mtu wa mambo. 1874 akaenda Marekani kuombea mkataba wa sukari na akaupata, 1881 akazunguka dunia nzima, mfalme wa kwanza kufanya hivo akiwa madarakani. Kule Japani akamwambia mfalme Meiji tuungane sisi wa Asia na bahari yake, na hata akapendekeza mpwa wake binti Kaʻiulani aje aolewe na mwana wa kifalme wa Kijapani, mtoto ana miaka mitano! Wakamkatalia kwa heshima. Akapita Siam, Johor, India, Misri, akaonana na Papa, akaonana na Malkia Victoria. Sultani wetu Barghash naye alikuwa kashafika London 1875, kwa hiyo Waingereza walishazoea wageni wa visiwani.

Basi kama walitambuliwa, ikawaje wakapoteza nchi?

Sukari. Ule mkataba wa sukari uliwatajirisha wenye mashamba, wengi wao watoto wa wamishenari na wafanyabiashara wa Kimarekani, na mwaka 1887 wakamlazimisha Kalākaua kusaini katiba mpya iliyomnyang'anya madaraka, watu wenye bunduki wakiwa nje. Dada yake Liliʻuokalani alipokuwa malkia akataka kuibadilisha. Januari 1893 wakampindua, askari wa meli ya kivita ya Marekani wakiwa wameshashuka mjini. Wananchi zaidi ya 21,000 wakasaini karatasi 1897 kuukataa muungano, mkataba ukakwama Seneti, mwaka uliofuata Marekani ikavichukua visiwa kwa azimio la kawaida la bunge. Na ile ahadi ya 1843? Marekani haikuwa imesaini. Zanzibar nayo iliyokuja kuvuruga ilikuwa Ujerumani, ambayo 1862 haikuwepo mezani, na 1890 Ufaransa ikaiachia Uingereza Zanzibar ili nayo iachiwe Madagascar. Bibi na embe zake.

Kitu kimoja ambacho kipo kwenye kasri la ʻIolani, Honolulu, lakini inabidi nikitaje. 1895 malkia alifungwa chumbani ndani ya kasri lake mwenyewe, na humo yeye na wenzake wakashona mfarishi wa viraka vya hariri, wakatarizi juu yake bendera, majina na tarehe za yaliyowapata. Wanawake wa pwani wanaosema kwa kanga wataelewa bila ya kuelezwa.

Vitu hivi viliibiwa?

Si vyote, na hapo ndo ugumu ulipo. Joho la 1810 lilipelekwa kwa hiari. Chifu Kalaniʻōpuʻu alilivua joho lake na kumvisha kapteni Cook, baharia wa Kiingereza, Januari 1779, hiyo nayo ni zawadi, ingawa wiki tatu baadaye Cook aliuawa Kealakekua alipojaribu kumchukua chifu huyohuyo mateka. Vingine vilinunuliwa, vingine vilichukuliwa kwenye mahekalu, vingine hakuna aliyeandika. Joho la Kalaniʻōpuʻu lilizunguka mpaka New Zealand, likakaa huko zaidi ya miaka mia, na 2016 likarudishwa Hawaii. British Museum yenyewe inabanwa na sheria ya 1963 ambayo hairuhusu kutoa vitu vyake hivihivi, ndo maana utasikia kuazima, kuazima, kuazima. Maoni yangu? Zawadi ya mfalme kwa mfalme ni kitu kimoja, sanamu la hekalu ni kitu kingine, na mimi la Kū ningelipandisha ndege kesho.

Majina yao yanatamkwaje?

Sisi ndo tuna bahati, soma kama Kiswahili. Ka-me-ha-me-ha. Li-ho-li-ho. Mwingereza anateseka pale kwenye maandishi ya ukutani, wewe unapita tu. Ile alama kama koma iliyogeuka ni herufi kabisa, unakata sauti kidogo kooni, na kistari juu ya herufi ni kuvuta. Lugha yao si jamaa ya Kiswahili, lakini ni jamaa ya Kimalagasi, wa jirani zetu. Mbingu kwa Kihawaii ni lani, Kimalagasi lanitra. Tano ni lima, Kimalagasi dimy. Nazi ni niu, na Kimalagasi voanio. Waambieni rafiki zenu wa Majunga.

Tiketi, watoto, mabegi, picha?

Kuingia British Museum ni bure ila maonyesho haya ni ya kulipia, bei na saa angalia kwenye tovuti yao na ununue kabla, unachagua saa ya kuingia. Watoto chini ya miaka 16 wanaingia bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa. Ijumaa wanafunga saa mbili na nusu usiku, na ndo siku nnayoipenda maana hakuna foleni. Ukitoka uwanja wa ndege moja kwa moja usije na sanduku la magurudumu, hawakuingizi nalo, jamaa yangu mmoja alibaki nje getini na masanduku mawili yenye dagaa. Picha, soma alama au muulize mlinzi, flashi usiwashe kabisa. Na mwanga ndani ni mdogo kwa sababu manyoya na magome yanachujuka, mama mkwe alidhani umeme umekatika.

Nikitoka hapo niende wapi?

Shuka kwa miguu mpaka Trafalgar Square, kama dakika ishirini. Pembeni kuna kanisa la St Martin-in-the-Fields. Chini yake, kwenye vyumba vya kuzikia, ndipo Liholiho na Kamāmalu walipolazwa wakisubiri meli ya kuwarudisha. Siku hizi chini kule ni mgahawa, meza zimepangwa juu ya mawe ya makaburi na watu wanakula supu. Mama mkwe alipoambiwa akaweka kikombe cha chai mezani, akasoma Fatiha kimyakimya, halafu akaniuliza kama hawa walikuwa Waislamu. Nikamwambia hapana. Akasema basi, nimeshasoma.